Chombo cha Jeshi Chini ya Sinki la Maman

Karatasi iliyonitoa jeshini ilikuwa na mistari saba. Sita ya kwanza haikuwa na ubaya wowote: jina, cheo, tarehe, mambo ya kawaida. Mstari wa saba ndio ulionila miaka mitano. Ulisema nimeachishwa kazi kwa mwenendo mbaya, yaani wizi wa chakula cha kambi.

Nilikuwa mpishi wa jeshi la Ubelgiji kwa miaka kumi na moja. Bunduki niliishika kwenye mafunzo tu, na hata huko nilikuwa nalenga hovyo. Lakini supu yangu ya vitunguu, wanajeshi walikuwa wanaipangia foleni kabla sijafungua mlango. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo, kwa sababu baada ya karatasi ile sikuruhusiwa tena kujisifu kwa lolote. Nikawa msafishaji wa ofisi karibu na kituo cha treni cha Schuman, nikisukuma mashine ya kung'arisha sakafu kwenye korido za watu ambao hawajawahi kunitazama usoni.

Halafu kituo kimoja cha kulea watoto huku mtaani kwetu Evere kikatafuta mpishi. Nilikwenda, nikapika mchana mmoja kwa majaribio, na watoto wakaramba sahani. Mkuu wa kituo akafurahi. Akasema, niletee tu karatasi ya mwajiri wako wa zamani. Nilimjibu kwamba nitaileta, nikatoka pale na tabasamu la kubandika. Siku mbili baadaye nilimrudia, nikamwambia karatasi ina tatizo na ninataka kulirekebisha. Akasema atasubiri mpaka likizo kubwa ya kiangazi, si zaidi.

Ipo tume inayopitia upya mafaili ya wanajeshi walioachishwa. Haikurudishi kazini, lakini inaweza kubadilisha sababu iliyoandikwa. Nilichotaka ni hicho tu: neno "wizi" liondoke.

Sasa niseme nilichofanya. Jikoni kwetu kulikuwa na kanuni kwamba chakula kikikaa mezani kwa muda wa saa mbili, kinatupwa. Ijumaa wanajeshi wengi walikuwa wanaondoka adhuhuri kwenda makwao, ila jikoni tuliendelea kupika kana kwamba wapo wote. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana, mikono hii hii iliyokaanga kuku ndiyo iliyomwaga kuku wale wale kwenye pipa. Mimi nimezaliwa Lubumbashi, nimelelewa na mwanamke ambaye ukiacha wali sahanini anakuuliza kama baba yako ana shamba la wali. Mwaka wa kwanza nilimwaga nikiwa nimefumba macho. Mwaka wa tisa nikashindwa. Nikaanza kujaza bac mbili, ndivyo tulivyoviita vile vyombo virefu vya chuma vyenye mfuniko, na kumpelekea maman.

Maman ni mjane, anakaa ghorofa ya tatu hapa hapa Evere. Jumamosi yeye na wamama wenzake wa parokia wanapikia wagonjwa na wajane wengine. Mara ya kwanza alifunua mfuniko, akanitazama.

"Nani amekupa hii?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini namjua mama yangu, asingekigusa. Nikasema, "Commandant, maman. Amesema nikuletee wewe na bamaman."

Akapiga ishara ya msalaba, akamwombea commandant, mkuu wetu wa kambi, papo hapo, baraka kwake na kwa watoto wake. Kila Ijumaa nikaleta mbili zilizojaa, nikaondoka na mbili za wiki iliyopita, ambazo nilikuwa nazidai haraka haraka kabla hajapata nafasi ya kutia kitu ndani.

Maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, bakuli linarudi na ndizi, au sukari, au hata chumvi ukikosa vyote. Mimi nilikuwa namnyima maman haki hiyo kila wiki, na nilijiona mjanja. Lakini njia ya mwongo ni fupi.

Ijumaa moja sikwenda kuchukua vyombo, kwa sababu nilikuwa na mafua. Jumatatu yake, saa nne asubuhi, nikiwa nakata karoti, nikatazama dirishani, nikamwona mama yangu kwenye lango la kambi. Alikuwa amefunga kichwani kitambaa chake cha Jumapili. Mikononi amebeba bac moja, nyingine imemshinda uzito, ameiacha nyumbani. Ndani yake kulikuwa na bitumbula, ndivyo sisi wa Katanga tunavyoviita vitumbua vya ngano, amevikaanga alfajiri. Aliomba kumwona commandant wa mtoto wake. Na commandant, kwa bahati yangu mbaya, ni mtu mwenye adabu. Akatoka mwenyewe.

Sikusikia maneno, niliona tu. Maman alizungumza kwa muda mrefu, kwa Kifaransa chake cha shule ya masista, na kila baada ya sentensi akiinamisha kichwa. Commandant alipokea bac kwa mikono miwili. Alimshukuru. Alimsindikiza hadi kituo cha basi. Kisha akageuka, akatazama moja kwa moja kwenye dirisha la jikoni, na karoti ikanidondoka.

Wiki tatu baadaye nikapewa ile karatasi.

Kwa maman nilisema mkataba umeisha, wanapunguza wapishi. Akalia kidogo, akanipikia bukari, ugali wa kwetu, tukayamaliza. Aliponiuliza kuhusu bac ya pili nikamwambia wamenunua mpya, hawaitaki. Akaiweka chini ya sinki. Kila nikienda kwake na kufungua kabati lile kutafuta sabuni, namba ya jeshi iliyogongwa ubavuni ilikuwa inanitazama.

Wakili niliyempata ana ofisi ndogo karibu na Porte de Namur, juu ya duka la nywele za bandia. Ni mwanamke kijana, mpole, mwenye tabia ya kusoma huku anatafuna kalamu. Alisoma faili langu lote mbele yangu. Ndani yake kulikuwa na orodha ya vielelezo, na hapo nikasoma kitu ambacho sikuwahi kukijua: "Bac moja, imerudishwa stoo. Vipande vya unga uliokaangwa, takriban sitini, vimeteketezwa kwa kufuata kanuni za usafi."

Niliusoma mstari huo mara tatu. Sijui kwa nini uliniuma kuliko neno "wizi" lenyewe.

"Commandant ameandika kwamba hajui ulikuwa unakipeleka wapi chakula kingine," wakili akasema. "Huenda ulikiuza. Tunahitaji mtu aliyekula. Tunahitaji mama yako."

"Hapana, maître," nikasema, maana ndivyo mawakili wanavyoitwa huku.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hajui kuwa bitumbula vyake ndivyo vilivyonifukuzisha."

Akaacha kutafuna kalamu. Akaniambia kwamba bila mama, tume itabaki na neno langu dhidi ya neno la commandant, na neno langu tayari lina mhuri wa mwizi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Niliteremka ngazi nikiwa nimekasirika, na zaidi ya yote nilimkasirikia yeye kwa kuwa sahihi.

Jumapili baada ya misa nikamkuta maman anamenya viazi. Nikamwambia yote, nimesimama, kwa sababu nilihisi nikikaa sitamaliza. Hakuacha kumenya.

"Donc, commandant hakutoa ile bintu."

"Hakutoa, maman."

"Na miye nikaenda kumushukuru."

"Ndiyo."

"Na kitambaa yangu ya dimanche kwa kichwa."

Kitambaa cha vyombo kikanipiga usoni, kikiwa na maji yake yote.

"Bamaman ba parokia nikabakulisha bya kuiba! Maman mugonjwa wa étage ya chini, nikamwambia ale, jeshi inamupenda!"

"Havikuwa vya kuiba. Vilikuwa vinatupwa."

"Alors, juu ya nini haukusema binatupwa?"

"Ungekataa."

"Njo vile. Ningekataa." Akaweka kisu chini. "Ni mambo yangu ya kukataa, si yako. Ulinitia mu mambo yako bila kuniuliza, mutoto yangu. Miaka yote hii nilikuwa nasema, jeshi ilimutupa mutoto yangu bule. Kumbe ni miye nilikuwa mu lango na bitumbula."

Niliona aibu. Siyo ile ya kuitwa mwizi, hiyo nilishaizoea. Hii ilikuwa mpya. Miaka mitano nilijiambia namlinda mama yangu, kumbe nilikuwa najilinda mwenyewe nisipigwe na kitambaa cha vyombo.

Hata hivyo maman alikubali kutoa neno lake. Wakili aliandaa ushahidi mzuri, uliopigwa chapa, wa kusaini tu. Ulisema kwamba maman alijua kuwa chakula ni mabaki. Maman alivaa miwani, akausoma polepole, akamrudishia.

"Sikujua," akasema kwa Kifaransa. "Nyumbani kwetu uongo tunao wa kutosha, asante."

Akamwambia wakili achukue kalamu, akamwandikisha wake mwenyewe. Alisema mwanawe alimdanganya, na kwa hilo anastahili adhabu, na ameshaipata. Alisema chakula kililiwa na wajane na wagonjwa, na hakuna aliyelipa. Alisema mwizi harudishi sufuria, na yeye alirudisha ya kwanza kwa mikono yake. Kisha akasema: ya pili ipo kwangu chini ya sinki, sikuileta kwa sababu mwanangu alinizuia.

Wakili akamsihi aache sentensi ya mwisho. Hiyo ni mali ya jeshi, madame, imekaa kwako miaka mitano, utamwongezea kosa. Maman akasema ikikatwa hasaini. Kwenye ngazi nilipandisha sauti, jambo nisilopaswa kumfanyia mama yangu. Nilimwambia anataka kunimaliza. Alishuka mbele yangu hadi mtaani, kati ya watu wa Matonge, mtaa wa Wakongo, na mifuko yao ya pondu, yaani kisamvu.

"We unataka baondoshe neno kwa karatasi," akasema. "Miye nataka baondoshe kitu kwa nyumba yangu."

Tume ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Wa katikati alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi, aliyekuwa akisoma kila kitu kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika kwenye neno "sinki" akasita. Akavua miwani.

"Chombo hicho bado kipo?"

Kando yangu wakili akatia kalamu mdomoni. Ilikuwa rahisi mno kusema kilipotea. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, na mdomo wangu unaujua vizuri.

"Kipo, madame. Kina namba ubavuni."

"Kwa nini hukukirudisha?"

"Ningelazimika kueleza kilifikaje nyumbani."

"Na mama yako, ulimdanganya?"

"Ndiyo. Hilo ni kweli kabisa."

Aliandika kitu kifupi, tukaambiwa twende.

Barua ilikuja wiki ya mwisho kabla ya likizo kubwa. Niliifungua nimesimama kwenye sanduku la posta, funguo bado mlangoni. Neno "wizi" limeondolewa. Maneno "mwenendo mbaya" yameondolewa. Mahali pake pameandikwa kwamba nimeachishwa kwa kutofuata kanuni za jikoni, na hilo sikatai, sikuzifuata. Chini kabisa palikuwa na sentensi moja zaidi: chombo kirudishwe kambini ndani ya siku kumi na tano.

Nilikwenda kwa maman mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akanifanya nimsomee mara mbili. Akaniombea. Halafu akainama, akatoa bac chini ya sinki, akaanza kuisugua kwa steel wool mpaka ile namba ikang'aa. Kisha akatoa mfuko wa unga.

"Maman, wamesema tu irudishwe."

"Nimesikia."

Alikanda, akaacha unga uumuke, akaweka mafuta jikoni. Nilimsaidia kugeuza. Kitumbua cha kumi hivi, bila kunitazama, akauliza:

"Bile bya kwanza, balikula?"

Nilikuwa na karatasi safi mfukoni, saa mbili tu tangu niipate. Nikamwambia, "Walivitupa, maman. Imeandikwa kwenye faili."

"Byote?"

"Vyote."

Mwiko ukasimama juu ya mafuta. Nilimwona anahesabu alfajiri ile, basi, kitambaa cha Jumapili. Nilitamani kuyarudisha maneno. Kisha akachota unga mwingine, akaudondosha kwenye mafuta.

"Kutupa ni mambo yao," akasema. "Kurudisha ni mambo yetu."

Nilipanda basi na bac ya moto mapajani, abiria wote wakigeuza pua kuitafuta harufu. Kwenye lango alikuwepo sajini mwanamke nisiyemjua, wala yeye hanijui. Nikampa barua. Akasoma, akatazama namba, akafunua mfuniko.

"Hivi ni nini?"

"Ni vya mama yangu. Chombo hatukirudishi kitupu."

Nilikuwa tayari kusikia kanuni za usafi. Akatazama nyuma yake, akavua glavu, akachukua kimoja. Akakila pale pale, chote, halafu akachukua cha pili, ndipo akaniletea karatasi ya kusaini.

Nilimpigia maman simu kabla hata basi halijafika.

"Viwili, maman," nikamwambia. "Nimeona kwa macho yangu."

Nikasikia anafunga bomba la sinki.

"Unasema kweli?"

"Kweli, maman."

Na safari hii aliniamini.