Bata Mzinga Aliyegeuka Buluu

Nyie mnaonicheka hapa Majengo, mcheni Mungu, mumcheke na Maganga pia.

Bwana mmoja wa mgodini, mwajiri wangu, alisafiri akaniachia bata mzinga wake wawili niwatunze. Mimi nimezoea kuku tu. Siku ya tatu dume mmoja akavimba, kichwa chekundu kikageuka buluu. Nikamwita jirani yangu Maganga.

“Kideri hicho, kaka. Mchinje kabla hajafa, asimwambukize mwenzake. Bwana akiuliza, sema amekufa, umemfukia.”

Nikachinja, nikapika mchuzi. Maganga akaondoka na paja.

Kesho yake mchana Bwana akatokea. Nikamweleza kideri na kaburi, maana kazi ilikuwa inaniponyoka hivi hivi naiona. Yule dume aliyebaki alipomwona akavimba, kichwa kikawa buluu, kisha kikarudi chekundu, akapita mbele yetu kwa maringo.

“Hivi ndivyo wanavyojigamba kila siku,” Bwana akasema. “Mwenzake umemfukia wapi?”

Nikanyoosha kidole popote tu. Hapo Maganga akaingia uani na bakuli tupu.

“Kaka, ule mchuzi wa bata umebaki?”