Maji ya Shambani

Jirani yangu, mkulima wa mwani hapa Kilwa, hawezi kukusikiliza bila kufunga fundo. Vidole vyake vilivyochakazwa na chumvi hulifunga pindo la kanga kama vinavyofunga mwani kwenye kamba, kisha hulifungua, na akicheka kuku wa uani hukimbia. Juzi mbunge alipokuja kusikiliza kero zetu, mama huyu alitokea baharini moja kwa moja, beseni la maji kichwani, akalitua miguuni pa mgeni. “Mheshimiwa, hebu vua viatu. Nimeyachota shambani kwangu sasa hivi.”

Mbunge alitumbukiza miguu, akaichomoa upesi. “Mama, haya si maji ya kumkandia mzazi?”

“Ndimo unamoishi mwani wangu, na umeoza wote. Bahari inachemka, nanyi kule Dodoma mnaiita changamoto. Iiteni dharura.”

Watu walicheka, na mbunge naye akacheka, akaahidi kulifikisha suala hilo kwenye kikao kijacho cha Bunge. Jirani yangu alifunga fundo, safari hii hakulifungua, akamsogezea beseni. “Sawa, baba. Basi rudisha miguu, usubiri humo humo.”