Mama Unga, Fundi wa Mito ya Shingo

Saa mbili asubuhi, soko la Bwera limekwisha kuchangamka. Proscovia Musimenta anaubonyeza mto wa shingo kwa vidole vyake vyote, kama mtu anayechagua parachichi. Hajaridhika. Anafungua zipu, anatoa donge la pamba, analichambua polepole na kulirudisha.

"Mutu akilala kwa ndege, shingo inaanguka," anasema bila kuinua macho. "Pamba ikikaa mubaya, atashuka kichwa iko upande kama kuku ya kuchinjwa."

Kutoka kibanda cha jirani, Hamuza, muuza mabegi, anapaza sauti. "Mama Unga! Leo umetia kilo ngapi?"

"Nimetia maneno yako, ndiyo maana iko mwepesi!"

Wote wawili wanacheka. Ni utani wa kila asubuhi.

Proscovia, mwenye umri wa miaka 57, alizaliwa Karambi na kwa muda mrefu alishona sare za shule. Vijana walipoanza kwenda kufanya kazi Uarabuni, mama zao walimjia wakitafuta kitu cha kuwafariji njiani. Ndipo akaanza kushona mito hii. Mmoja huuzwa shilingi elfu kumi na tano, na pamba huinunua kwa wakulima wa bondeni Kasese.

Yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Anayoyajua ameambiwa na wateja wake, ambao wakirudi likizo hupita kumsalimu.

"Wanasema soksi wanakupa, unaenda nazo. Kitambaa ya kufunga macho pia, na kaburashi ya meno. Lakini blanketi, hapana. Hiyo ni ya wenyewe."

Kijana mmoja aliwahi kumletea blanketi la ndege amkatie koti la mtoto. Proscovia aliweka mkasi chini. "Walikufunika ukisikia baridi, sasa unawabebea blanketi?" Akalikunja vizuri, na kijana akalirudisha katika safari iliyofuata. Mhudumu wa ndege alilipokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Habari hiyo ya mikono miwili ndiyo Proscovia anayopenda kuisimulia.

Asubuhi hii kibandani ameketi Jalia, bibi kizee wa hapa Bwera, pamoja na mjukuu wake Naswiba. Binti huyo anaondoka leo kwa basi kwenda Kampala, na kesho atapanda ndege kwenda kufanya kazi katika jiko la hoteli. Ameisubiri kazi hiyo kwa muda mrefu.

Jalia anaweka mezani mfuko wa unga wa muhogo.

"Mama Mackline, utie hii ndani ya mto, kidogo tu. Begi yake imejaa, mizani imekataa. Lakini mto ya shingo hakuna mutu anapima."

"Jaja, tafadhali," Naswiba anamwambia bibi yake kwa sauti ndogo. "Wakinisimamisha, ndege itaniacha. Nitarudi hapa kufanya nini?"

"Nyamaza. Utakula nini huko? Mikate?"

Proscovia anausogeza unga pembeni kwa upole. Anajua uzito wa ombi hilo, kwa sababu aliwahi kulifanya yeye mwenyewe. Binti yake, Mackline, aliposafiri, Proscovia alijaza nusu ya mto wake unga mweupe wa muhogo ili apate kupika bundu, ule ugali wa kwao. Akashona pande zote, hata hakuweka zipu.

"Kwa ukaguzi mto ukapita kwa mashini," anasimulia. "Wakaona kitu. Wakakata na kisu. Unga ikamwagika kwa meza ya serikali! Mutoto wangu akalia, anasema ni chakula, wanasema ngoja."

Unga ulipimwa, ukaonekana ni chakula kweli, lakini ukabaki pale. Mackline alikuwa abiria wa mwisho kufika mlangoni mwa ndege, amekumbatia mto uliopasuka huku pamba ikimdondoka. Mhudumu mmoja akamkalisha, akamletea maji. Ndege ilipotulia angani, alirudi na sindano na uzi wa buluu, akaushona mto huo ameinama kwenye njia ya kati ya viti.

"Sijui jina yake," Proscovia anasema. "Lakini mama yake alimulea."

Tangu hapo kila mto wake una zipu, ili askari afungue bila kukata. Ndani hutia pamba tupu.

Jalia anaurudisha unga kapuni, lakini macho yake yamelowa.

"Kwa hiyo ataenda bila kitu yangu hata moja?"

Proscovia anamtazama, kisha anaitazama kanga aliyojifunga bibi huyo, iliyopauka kwa kufuliwa na bado ina harufu ya moshi wa jikoni. "Mama Jalia, hiyo kanga unaipenda sana?"

Jalia anaelewa mara moja. Anaifungua, anabaki na gauni lake, na kukabidhi kanga. Mkasi unapita, cherehani inalia. Proscovia anampa Jalia pamba aijaze mwenyewe kwa mikono yake, konzi kwa konzi. Naswiba anavaa mto shingoni, anageuza uso na kunusa.

"Jaja, inanuka jikoni!"

"Wakiuliza, sema ni ya kwako," Proscovia anamwambia. "Panda nayo, shuka nayo. Na yule atakufunika blanketi, umwambie asante."

Bibi na mjukuu wanaondoka wameshikana mikono. Hamuza anatoka kibandani kwake, anampokea Naswiba begi na kulibeba mwenyewe hadi kwenye basi.

Mackline anatarajiwa nyumbani Desemba. Proscovia anaweka akiba ya nauli ili safari hii ampokee uwanjani Entebbe, mahali ambapo hajawahi kufika. Ameshatenga pamba mpya kwa ajili ya mto ule wa zamani, kwani iliyomo ndani lazima imelala.

"Nitafungua upande ingine," anasema, akianza kukata kitambaa cha mto mwingine. "Ile pahali ya uzi wa buluu, sitagusa."