Nilivyomkosesha viza ya Ulaya mwalimu wa Kitaya, kwa kazi aliyoifanya kwa mkono wake mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu wote. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba kabla hamjasalimia.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, miaka mingi tu. Leo naandika kwa sababu juzi kuna mdau aliuliza namna ya kumsaidia kijana wa timu yake kupata viza ya kwenda kwenye mkutano wa programu huria, na watu wanaonifahamu nje ya humu wakamwelekeza kwangu. Ni kweli, kazi hiyo naifanya, na naifanya bure. Barua za mwaliko, fomu, mahojiano ya ubalozini, nimezizoea kama chai ya asubuhi.

Ila hakuna aliyewahi kuniuliza nilijifunzia wapi.

Nilijifunzia kwa mtu niliyemuumiza. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea, na pale nilipokosea mimi nitasema ni mimi.

Katikati ya miaka ya 2000 nilikuwa mwalimu wa sekondari moja pale Mtwara mjini, nimepanga vyumba viwili Magomeni, ya huko huko Mtwara, si ile ya Dar. Mimi mtu wa Rungwe, serikali ndiyo ilinipeleka kusini. Kompyuta nilijifunza kwa kupenda tu, nikajiunga na watu wa mtandaoni waliokuwa wanatafsiri programu huria kwa lugha zao. Kwa wasiojua, hizi ni programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzirekebisha na kuzigawa bure.

Kiswahili hakikuwa na mtu. Nikajitolea.

Shida ni kwamba Kiswahili changu kilikuwa cha ubaoni. Siku moja niko stationery naprinti orodha ya maneno, mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akachungulia karatasi. Penye "Cancel" nilikuwa nimeandika "Kanseli".

"Samahani kaka," akasema, "hiyo kanseli ndiyo nini? Mtu akiacha jambo alilotaka kulifanya si ameghairi? Andika Ghairi."

Nikabaki namtazama. Neno nalijua tangu utoto, ila halikunijia kabisa!

Huyo ndiye Mwalimu Somoe. Alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Kitaya, kule mtoni mpakani na Msumbiji, na mjini alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi kufuata mshahara, kama walimu wengi wa vijijini enzi zile. Nyumbani kwao wanaongea Kimakonde, lakini kwa Kiswahili mama yule alikuwa hatari. Nikamwomba anisaidie. Akakubali pale pale kwenye foleni.

Sasa Kitaya wakati huo hakuna umeme, na kompyuta alikuwa hana. Tukabuni utaratibu wetu. Mimi naprinti maneno ya Kiingereza ya programu nzima, natia kwenye bahasha, nampa dereva wa Land Rover ya abiria. Yeye anaandika tafsiri kwenye counter book, yale madaftari makubwa ya jalada gumu, kwa kalamu, akimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Land Rover ikirudi inaniletea counter book, mimi nakwenda internet cafe kuchapa na kutuma.

Tulikwenda hivyo miaka miwili. Yeye anaandika, mimi nachapa.

Wazungu wakawa wananisifia kwenye email. Timu ya Kiswahili mko vizuri sana! Na mimi najibu asante, asante.

Basi kukaja mkutano wa mwaka wa watafsiri, katika nchi moja ya Ulaya nisiyoitaja. Nikaalikwa, viza yangu ikatoka bila matatizo. Baadaye kamati ikaniambia kuna nafasi moja zaidi kwa Kiswahili, nipendekeze mtu. Sikufikiri mara mbili, nikatuma jina la Mwalimu Somoe.

Nilipomwambia, akaniuliza kama huko kutakuwa na watu wanaofanya kazi kama yake. Nikamwambia ndiyo, kutoka dunia nzima. Akaanza kuandika kwenye karatasi maneno yaliyomshinda, ili akawaulize wenzake wa lugha nyingine walifanyaje. Huko kijijini alikuwa hana wa kumuuliza, na hicho ndicho alichokitaka. Mambo ya kupanda ndege wala hakuyataja.

Kwenye ile kamati kulikuwa na mama mmoja, nimwite Marta, kazi yake kuwasaidia watafsiri wa nje kupata viza. Wahindi, Waethiopia, Wavietnamu, sisi, wote tulipitia kwake. Jibu lake lilikuja baada ya siku tatu.

Aliandika kwamba wametafuta jina hilo kwenye kumbukumbu zote za kazi na halipo hata mara moja. Halafu akaongeza: "Samahani kwa kuuliza, huyu ni mke wako?"

Wakuu, damu ilinipanda. Ni kweli zama zile kuna waliokuwa wanamwita binamu yao mtaalamu wa kompyuta ili apate barua ya mwaliko, Marta alikuwa ameshakutana nao. Ila mimi? Nikarudi nyumbani kuchukua counter book nimwoneshe ushahidi, na jibu kali nimeshalipanga kichwani.

Nikavuta mbili za mwanzo kutoka uvunguni mwa kitanda.

Hapa niwaeleze kitu kimoja. Kila programu ya aina hii ina mstari mmoja ambao hautafsiriwi. Mstari huo unamwambia mtafsiri aandike hapo majina ya waliofanya kazi, na ndiyo yanayoonekana mtumiaji akifungua sehemu iliyoandikwa Kuhusu.

Kwenye counter book ya kwanza, mbele ya mstari ule, kwa mwandiko wa kiualimu ulionyooka, Mwalimu Somoe alikuwa ameandika majina mawili. La kwanza langu na la shule yangu. La pili lake, na Kitaya.

Nikafungua ya pili. Majina mawili, langu la kwanza.

Kwenye programu zenyewe kulikuwa na jina moja tu, la kwangu.

Nilikaa sakafuni. Sikumfuta makusudi. Nilishazoea, kila nikifika mstari ule nabandika jina langu haraka haraka kwa sababu cafe ina foleni, hata daftari siangalii. Lakini mtu akikukanyaga bila kukusudia, mguu unauma vilevile. Miaka miwili yule mama ananitambulisha kwa watu, na mimi namfukia.

Lile jibu kali halikutumwa.

Niliandika barua nyingine, nikaituma kwa kundi zima la watafsiri, nikaeleza kila kitu pamoja na uzembe wangu. Picha za kurasa mbili nikaziscan na kuziambatanisha. Marta akajibu kwamba amenikasirikia sana, na kwamba barua ya mwaliko ya Mwalimu Somoe ataiandika siku hiyo hiyo. Jina lake nikaliingiza kwenye ukurasa wa timu.

Nikavuta pumzi. Nikajua yameisha.

Pasipoti ilichukua muda, si mnajua watu wa mpakani lazima kuwe na barua za kuthibitisha uraia, na cheti cha kuzaliwa hakikuwepo ikabidi kiapo. Ilipotoka, mkutano umebakiza siku chache. Kitaya nzima ilikuwa inajua. Mwalimu mkuu wake alishatangaza mstarini, na wanafunzi walishamtungia wimbo.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili.

Mimi ni mtumishi wa serikali, naamini muhuri. Nikamwandalia faili safi: barua ya mtendaji wa kijiji, ya mwalimu mkuu, ya elimu wilayani, ya shule yangu kumtambulisha, na ya Marta juu yake. Zote zimechapwa, zote isipokuwa ya Marta zina muhuri. Tunatoka kwangu kwenda stendi, yeye akaniuliza:

"Mwalimu, madaftari hatubebi?"

"Yale yana madoa ya mafuta ya taa, dada. Ubalozini watatuona washamba."

Akanitazama, hakubisha. Yakabaki uvunguni.

Kwa wale mlioijua barabara ya Mtwara kwenda Dar miaka ile sina haja ya kusimulia. Tulifika tumevimba miguu, vumbi mpaka kwenye kope.

Kesho yake akaingia ubalozini, mimi nikabaki nje ng'ambo ya geti. Alikaa kama saa nzima. Nikawa najipa moyo kwamba kukaa sana ni dalili nzuri.

Alipotoka alikuwa anatembea taratibu, faili kalishika kwa mikono miwili.

"Wamekataa," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikamwambia acha masihara, Mwalimu.

Tukakaa kwenye ngazi za jengo la jirani akanieleza. Afisa alikuwa mzee mmoja mpole tu, wala hakumfokea. Alimuuliza ameanza lini kutumia kompyuta. Akasema ukweli, kwamba hana, anaandika kwa mkono.

"Akaniambia, vizuri, nioneshe. Nikampa faili. Akaangalia karatasi moja moja mpaka mwisho. Akasema hizi ni barua za watu wanaokusifu, mimi nataka mwandiko wako, uko wapi?"

Wakuu. Mwandiko wake ulikuwa Mtwara, uvunguni mwa kitanda changu.

Haikuishia hapo. Yule mzee alifungua mtandao akatazama programu zetu. Jina ni langu. Akafungua ukurasa wa timu, jina la Mwalimu Somoe limeingizwa wiki chache zilizopita, na aliyeliingiza ni mimi. Na anayemtambulisha kwa barua ni mimi tena. Hata ningekuwa mimi kwenye kile kiti ningekataa.

Mkutano ulikuwa umebakiza siku nne. Zile kurasa mbili nilizoscan zisingetosha, na kwenda Mtwara na kurudi na madaftari tusingewahi.

Nikaanza kuomba msamaha, maneno yanapishana mdomoni. Yeye akanisubiri nimalize.

"Mwalimu, la leo halijaniuma sana," akasema. "Lililoniuma ni la mwaka jana."

Nikamuuliza mwaka jana kulikuwa na nini.

"Siku ile uliponipeleka internet cafe nione kazi imekamilika. Wewe ukaenda kuongea na mwenye duka. Mimi nikabonyeza pale penye Kuhusu, si nilipatafsiri mwenyewe? Nikasoma."

Mwaka mzima! Mwaka mzima anapokea bahasha zangu, anaandika, anarudisha.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nilidhani nyie wa mjini ndivyo mnavyofanya. Nikaacha kuliandika langu, basi."

Tulirudi kusini kwa basi moja, na njia nzima alikuwa ananiuliza habari za kawaida, mvua za Rungwe, ndizi, watoto wangu, kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kufarijiwa. Nilipofika nyumbani nikavuta counter book zilizobaki, zile ambazo sikuwahi kuzifungua kwenye mstari ule. Zote za mwaka ule wa pili zina jina langu peke yake, kwa mwandiko wake ule ule ulionyooka. Nilizifunga nikashindwa hata kula.

Watu waliniambia nenda, viza si unayo. Yeye mwenyewe aliniambia nenda. Sikwenda. Msinisifu, haukuwa wema, sikuwa na uso wa kusimama mbele ya watu wale. Nafasi yangu Marta akampa mtu mwingine, ya Mwalimu Somoe akaahidi kuiweka mpaka mwakani.

Mwaka uliofuata tulirudi pale pale. Safari hii programu mpya zilikuwa zimetoka na majina yamekaa sawa, na Mwalimu Somoe aliingia getini na madaftari yake yote kwenye mfuko wa salfeti, madoa na kila kitu. Afisa wa safari hii alikuwa dada kijana. Aliyafunua, akamwita na mwenzake aje kuyaona. Viza ilitoka baada ya siku tatu.

Alikwenda. Aliporudi nilimuuliza Ulaya ikoje, akasema baridi. Kisha akaniambia kuna mama wa Kiethiopia naye anaandika kwa penseli kwanza, wakakaa pamoja siku zote za mkutano wakiulizana maneno. Hapo ndipo nilipomwona anacheka kwa raha.

Tangu hapo, mtu akiniletea kijana wake nimsaidie viza, swali langu la kwanza si pasipoti. Namwambia nifungulie kazi yenyewe, nioneshe jina lake limekaa wapi. Ndugu zangu, wengi hapo huanza kukohoa. Na ubalozini mtu aende na kazi ya mkono wake, hata kama ni chafu, kwa sababu muhuri ni sifa za watu wengine.

Na wewe kiongozi wa kikundi, hata kama hakuna safari yoyote, kaangalie majina leo. Aliyesahauliwa huenda ameshaona, na amenyamaza.

Mwalimu Somoe amestaafu, yuko Kitaya, mihogo yake haijambo. Uzi huu nilimsomea kwa simu kabla ya kuuweka humu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema yote ni kweli ila kuna mahali nimeruka. Nikamuuliza wapi.

"Pale kwenye ngazi. Hujawaambia kwamba ulilia mpaka mlinzi akaja kuniuliza mimi nimekufanya nini."

Haya, nimesema. Uwanja ni wenu wakuu, wa kunichapa anichape, na mwenye kisa kama hiki, upande wangu au upande wake, akiweke hapa chini.