Fimbo Iliyopungua Shubiri

Ukimweleza mtu kazi yenyewe, anacheka. Halmashauri inamlipa mtu mzima, mwenye wajukuu, atembee! Lakini si mzaha. Njia za miguu mjini hapo ni arobaini na moja, kila moja ina namba yake kwenye ramani ya ofisi, na kila moja lazima ikanyagwe na mkaguzi mara mbili kwa mwaka. Anaangalia mitaro iliyoziba, ngazi zilizomeguka, vibao vilivyong'olewa na michongoma iliyoachwa ijiotee inavyotaka. Zaidi ya yote anaangalia upana. Njia ni mita moja, isipungue, na kipimo ni fimbo ya mti mgumu iliyopakwa rangi nyekundu ncha zote mbili. Mkaguzi anailaza kukingama njia. Ikilala bila kugusa, anatia tiki kwenye daftari na kuendelea. Ikigoma kwenye ukuta wa mtu, barua inaandikwa, na baada ya siku thelathini nyundo inafika.

Watoto ndio walioanza kumwita Rula. Wakubwa wakafuata, mpaka mkewe naye akawa anamwita hivyo mezani. Hakuchukia. Alikuwa amebomolesha banda la kuku la diwani, na diwani alipompigia simu kufoka, Rula alimjibu kwamba fimbo haina simu. Maneno hayo yalizunguka mji mzima wiki nzima, naye, tuseme ukweli, aliyafurahia.

Ila fimbo ilikuwa na lake.

Miaka kumi na miwili nyuma, dada yake alijenga kibanda cha cherehani ubavuni mwa nyumba, kandokando ya njia namba kumi na saba. Huyu dada ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki, aliacha shule akashona sare za watoto wa wenzake ili mdogo wake avae ya kwake. Sasa Rula analaza fimbo pale, inagoma. Kibanda kimeingia njiani shubiri nzima. Dada yuko ndani anaimba, cherehani inakwenda. Rula akailaza tena, ikagoma tena. Kisha akaenda kwa jirani, fundi seremala, akaazima msumeno, akajibanza nyuma ya jiko la dada yake na kuikata fimbo shubiri moja. Akapaka ncha rangi nyekundu, akatia tiki.

Alijiambia atachonga nyingine Jumatatu. Jumatatu ikaja na mambo yake, na inayofuata vilevile. Halafu akaona hatari: akija na fimbo ndefu, itagoma tena kwenye kibanda cha dada. Basi akabaki na ile ile, akapima nayo njia zote arobaini na moja, miaka kumi na miwili.

Na watu wana macho jamani. Fimbo ikilala na nafasi ikabaki, mwenye uzio anaiona hiyo nafasi. Seremala akasogeza uzio wake. Mwalimu mstaafu, pale kwenye kona, akajenga ukuta wa matofali. Wote walipata tiki, tena halali.

Mwaka jana dada aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na haikuunga vizuri. Akapewa kiti cha magurudumu. Zahanati ya mazoezi ya viungo iko mwisho wa njia namba kumi na saba, lakini njia ilivyobana, hakuna aliyethubutu kupitisha kiti huko. Majirani wawili walikuwa wanambeba mara tatu kwa wiki, kwenda na kurudi.

"Mimi si gunia," alimwambia Rula. "Nataka niende mwenyewe. Sina jingine ninalolitaka."

Wakati huohuo ofisini alikuja afisa mpya wa njia, mwanamke mchangamfu anayetaka watu watembee. Alichapisha ramani ndogo za kukunja mfukoni, akasimamisha vibao vipya vilivyoandikwa "Njia ni ya Wote", akatangaza matembezi ya Jumamosi asubuhi. Wataanzia njia namba kumi na saba. Na mbele kabisa, kwa ajili ya picha, atakaa dada yake mkaguzi kwenye kiti chake.

Rula alijaribu kumshawishi abadilishe njia. "Bosi, namba tisa ina kivuli zaidi."

"Hii si umeipitisha wewe mwenyewe, mzee? Mara ishirini na nne!"

Jumamosi walikuja watu kama sitini. Dada alivaa gauni alilolishona mwenyewe. Kiti kilipita kwenye kibanda, kikapita kwa seremala kikikwaruza uzio, kikafika kwenye kona ya mwalimu. Hapo kikakwama. Mbele hakiendi, kugeuka hakigeuki. Mpiga picha alishusha kamera. Watu wote sitini ikabidi warudi nyuma ili dada avutwe kinyumenyume mpaka nyumbani, amekaza uso, viganja vimechunika. Rula aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani.

Jioni alikwenda kwake. "Dada, fimbo yangu ni fupi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Uliikatia nyuma ya jiko langu, kwa msumeno wa seremala. Nilikuwa nimeinuka cherehani, naosha vyombo, dirisha wazi. Nikajisemea, mwache, kibanda changu kipone."

"Miaka yote hiyo hukusema?"

"Wewe ulisema?" Alijifuta macho kwa upande wa khanga. "Nenda ukaseme. Na uanze na changu."

Jumatatu Rula aliweka fimbo juu ya meza ya afisa. Afisa akavuta futi ya chuma: sentimita sabini na nane. Akaipima tena.

"Umepima nayo njia ngapi?"

"Zote."

Afisa hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Alimvua ukaguzi, akampeleka kikosi cha kufyeka nyasi, amalizie huko miezi iliyobaki kabla ya kustaafu. Njia zote zikapimwa upya, zikatoka barua mia moja na nane. Mwalimu alimtukana hadharani. Seremala alicheka mpaka akakohoa: "Yaani msumeno wangu mwenyewe ndio umenibomolea uzio!"

Dada hakungoja siku thelathini. Siku ya nane aliita mafundi wakabomoa kibanda, yeye akiwa kitini anaangalia. Vumbi lilipotulia, alisukuma magurudumu mwenyewe mpaka kwenye kona, Rula akimfuata na fyekeo begani. Akaweka kiganja kwenye ukuta wa mwalimu.

"Bado siku ngapi?"

"Ishirini na mbili, dada."

"Haya. Nirudishe."

Rula aliweka fyekeo chini, akashika kiti, akamvuta kinyumenyume, maana pale hapageuziki.