Kadi Sita kwa Mkono Mmoja

Kwa miaka kumi na tisa alimimina bia kwa mkono wake, na wateja walimwita Shangazi kwa sababu hakuona haya kumwambia mtu mzima, "Wewe umetosha, nenda nyumbani." Kisha mwenye baa akaweka mabomba ya bia ukutani: mteja anapewa kadi, anaigusisha kwenye bomba, anajimiminia mwenyewe. Sheria iliyaruhusu kwa sharti moja. Kila baada ya glasi mbili kadi hujifunga, na haifunguliwi mpaka mhudumu amtazame mwenye kadi usoni. Kazi ya kutazama ikawa ya Shangazi.

Jumapili moja mchana palijaa pomoni. Fundi paa, rafiki wa marehemu mumewe, alikuja kadi yake ilipojifunga mara ya pili.

"Ifungue, shemeji."

"Macho yamekulegea. Kanywe maji kwanza."

"Haya, mama sheria!" Fundi akacheka, akarudi mezani.

Haukupita muda, mkwe wa fundi akaleta kadi sita za meza yao kwa mkupuo. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mwenye baa alisimama nyuma ya Shangazi akimhimiza, "Fungua, mama, fungua, watu wanangoja." Shangazi akazifungua zote bila kuinua kichwa. Ya fundi ilikuwemo.

Saa kumi fundi alipanda paani kwa jirani yake kumalizia mabati. Hakushuka kwa ngazi.

Mkaguzi wa vileo alipokuja kuchunguza kifo hicho, mwenye baa alimvutia Shangazi stoo. "Sema ulimwona kila mmoja. Sote tunakula hapa."

Lakini mashine ilikuwa imeandika kadi sita ndani ya dakika moja, na Shangazi hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Nilimwona, nikamkatalia," alimwambia mkaguzi. "Kisha nikamfungulia bila kumwona."

Baa ilifungwa miezi sita, naye akafukuzwa siku ile ile. Baadaye kanuni ikaongezwa: kadi ya mtu isipokelewe mkononi mwa mwingine.

Jioni ya kufukuzwa alikwenda kwa mjane wa fundi kumweleza mwenyewe, kabla maneno ya mtaani hayajafika. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya beseni la nguo.

"Kwanza ulimkatalia?"

"Nilimkatalia."

"Basi ulijua." Akaendelea kufua.

Siku hizi Shangazi anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Wakikutana sokoni humwamkia mjane kila mara. Hajajibiwa bado.