Ubavu wa Tisa, Kulia

Mama yangu hakusoma udaktari wala hakuwahi kuutamani. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Baba naye alikuwa fundi wa baiskeli, lakini jina lilikuwa limeshachukuliwa, kwa hiyo yeye wakamwita Pancha. Hakulalamika. Alisema nyumba ikiwa na mafundi wawili, lazima mmoja akubali kuitwa kwa ugonjwa anaoutibu.

Siku moja dukani kwa Mama aliingia mwalimu wa anatomia kutoka chuo cha udaktari kilicho karibu na kwetu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akauliza kama anaweza kushonewa kifua. Mama akachukua futi kumpima.

"Si changu, Fundi," mwalimu akasema. "Nataka kifua cha kitambaa, kifunguke kwa mbele, wanafunzi waone kilichomo. Vya plastiki vimepasuka vyote."

Akamwachia karatasi za michoro. Mama akazigeuza geuza, akauliza, "Hapa pameandikwa kushoto. Kushoto kwangu mimi ninayetazama, au kwa mwenye kifua?"

"Kwa mwenye kifua."

"Kama koti, basi."

Mwalimu akacheka, akasema jambo hilo huwachukua wanafunzi wake mwezi mzima.

Kwa wiki tatu tulikula sahani zikiwa magotini maana meza ilikuwa na mapafu. Mama aliyakata kwa sponji, akayavisha bitana ya waridi: la kulia vipande vitatu, la kushoto viwili, tena likiwa limebonyea kidogo upande wa ndani ili moyo upate pa kukaa. Mbavu alizijaza pamba, jozi kumi na mbili, akazihesabu kila asubuhi kama mtu anayehesabu kuku. Koo la hewa alilitengeneza kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Alipofika kwenye moyo akasoma kwamba ukubwa wake hukaribia ngumi ya mwenyewe. Akaenda uani alikokuwa Baba.

"Pancha, kunja ngumi."

"Nimekosa nini?"

"Kunja."

Akaizungushia futi ngumi ya Baba, ina grisi vilevile, akaandika vipimo kwenye kiganja chake mwenyewe. Tangu siku hiyo kila moyo alioushona ulikuwa wa kipimo hicho. Mimi ndiye niliyekuwa nikijaza pamba, kwa hiyo najua.

Kosa lilikuja kwenye nyuzi. Kila ubavu ulitakiwa kuwa na nyuzi tatu zinazoufuata kwa urefu wake: ya bluu kwa vena, nyekundu kwa ateri, njano kwa neva. Mama alizishona kwenye ukingo wa juu wa kila ubavu, akazinyoosha zikapendeza. Fundi yeyote wa nguo angefanya hivyo. Utepe wa nakshi huwekwa ukingo wa juu wa mfuko, pale jicho linapotua kwanza. Ukiuweka chini hauonekani, na mteja atakuuliza nakshi yake umeipeleka wapi.

Alipoanza kifua cha pili ndipo aliposoma maelezo madogo aliyokuwa ameyaruka. Nyuzi zile hukaa chini ya ubavu, zimejificha kwenye mfereji wake. Ndiyo maana daktari anayeingiza sindano kifuani huipitisha juu tu ya ubavu, asije akachoma mshipa, mgonjwa akavuja damu ndani kwa ndani. Mama akaweka mkasi chini. Kifua cha kwanza kilikuwa chuoni tangu wiki mbili zilizopita.

"Mwambie mwalimu," nikasema.

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Mama huyu, aliyekuwa na mdomo wa kumtoa jasho mteja aliyechelewa kuja kuchukua nguo yake, neno hili lilimkaa kooni. Alivishona vifua vingine vinne, vyote nyuzi zikiwa mahali pake, akavipeleka mwenyewe, na kila mara alirudi hajasema kitu. Nilimkasirikia kwa hilo, na sitaficha. Akiona kijana wa koti jeupe anapita dukani aliacha kukanyaga cherehani, akamsindikiza kwa macho. "Sijui huyo alisomea kipi," alikuwa akiniambia, na mimi nilinyamaza kwa makusudi.

Miaka saba ikapita hivyo.

Kisha Baba akaanza kuishiwa pumzi. Mwanzoni alijaza upepo gurudumu moja akaketi, baadaye akawa anaketi kabla hata ya kulijaza. Hospitali wakampiga picha ya kifua. Upande wa kulia ulikuwa mweupe kuanzia chini hadi katikati.

"Ni maji," akasema daktari, msichana mwenye kucha fupi na kilemba cha kijani. "Yamejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu limekosa nafasi ya kutanuka. Nitayatoa kwa sindano, mzee. Utapata nafuu leo hii, halafu tutayapima tujue yametoka wapi."

"Pancha naye kapata pancha," Baba akasema kwa vipande, kila neno na pumzi yake. Hakuna aliyecheka ila yeye, na kikohozi kikamkatisha.

Mama alikuwa akimtazama daktari mikono. "Mwanangu, ulisoma wapi?"

"Hapa hapa mama, chuo chetu."

"Mlikuwa na kifua cha kitambaa?"

"Tena kile cha kwanza kabisa. Chenye koo la tyubu."

Wakati huo Baba alikuwa ameshaketishwa ukingoni mwa kitanda, mgongo wazi, ameinamia meza yenye mto. Mimi nilikuwa nimemshika bega. Nikaona uso wa Mama umebadilika, nikajua kinachomjia. Hasira yangu ya miaka saba iliisha pale pale, nikabaki kumwonea huruma.

"Daktari, ngoja kwanza," akasema. "Kile kifua nilikishona mimi. Nyuzi niliziweka juu ya mbavu, na pahali pake ni chini. Nililijua kosa, nikaona aibu kusema. Usimchome mume wangu kwa nilivyokufundisha mimi."

Daktari akaiweka sindano kwenye trei. Akamgeukia Mama.

"Kumbe Fundi ndiye wewe," akasema. "Mwalimu aliliona kosa siku ile ile ulipokileta, mama. Hakutaka kukurudishia. Darasa letu tulikuwa ishirini na nne, na mbavu ni ishirini na nne. Akampa kila mmoja wetu ubavu wake, tufumue nyuzi kwa mkono, tuzishone chini zinapostahili. Akatuambia tusikwambie, utajisikia vibaya."

Mama akarudi nyuma hatua moja.

Daktari akageukia mgongo wa Baba. Akagonga kwa kidole juu ya kidole, kutoka juu kushuka: mwanzoni mlio mwepesi, halafu ukawa mzito kama wa pipa lililojaa. Akahesabu mbavu kwa kuzibonyeza, akasimama kwenye mmoja.

"Mimi nilipewa wa tisa, kulia," akasema. "Ni huu hapa. Nitapita juu yake."

Mama akasogea akatazama kile kidole kilipokuwa. "Ulishona mshono gani?"

"Nilipiga bandi tu, mama. Sijui kushona."

"Bandi ni ya kushikiza kwa muda. Inafumuka."

"Haijafumuka mpaka leo. Huwa naenda kuitazama."

Akapaka dawa, akachoma ganzi, akasubiri, kisha akaingiza sindano juu ya ubavu wa tisa. Damu haikuja. Yalikuja maji ya rangi ya chai nyepesi, yakateremka kwenye mrija hadi kwenye chupa, taratibu, na chupa ikaendelea kujaa. Nilihisi bega la Baba likilegea mkononi mwangu. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, ameishika ngumi ya Baba kwa mikono yote miwili, macho kwenye sindano, kifua chake mwenyewe hakitikisiki.

Baba akavuta hewa, ndefu, ya kwanza kwa wiki nyingi. Akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Na wewe pumua basi, Fundi," akamwambia.